Tukutuku ya Bwana na Shamba la Wakwe

Kupanda mlima, tukutuku ilipandishwa na watu. Kushuka, ilimshusha mzungu. Anayetaka kuuelewa utawala wa Mdachi katika Uluguru aanzie hapo: wanaume wanavuta kamba mbele, mmoja anasukuma kwa bega nyuma, na mwenye mali anatembea kando na kifimbo chake, akiwakemea wasiichubue rangi. Njia yenyewe waliichonga hao hao wavuta kamba, tena bila ujira, ili hicho chombo kipate pa kupita. Mtu anachongeshwa njia ya kuvutia mzigo usio wake, halafu anaambiwa ameletewa ustaarabu. Jamani!

Yule wa nyuma, mwenye bega, aliitwa Pazi. Hakuwa jumbe, hakuongoza vita, wala hakuna kichochoro pale Morogoro kilichopewa jina lake. Alikuwa Mluguru wa miteremko ya juu ya Kilakala, mfupi wa kimo, mrefu wa mdomo, mikono yake ikinuka mbarika hata siku ya Idi. Reli ilipofika mjini alikuwa kijana. Aliingia karakana ya stesheni kama mbeba makaa, akatoka akijua kukaza nati, kuziba tairi na kutukana kwa Kidachi. Ujuzi huo ndio uliompa kazi kwa mzungu mmoja aliyekuwa akichimba ulanga, lile jiwe linalobanduka na kumetameta kama magamba ya samaki, huko juu mlimani.

Jina la mzungu lilikuwa refu na la kukwaruza koo. Watu walimwita Bwana Sasahivi, kwa kuwa hilo ndilo neno la Kiswahili alilolimudu. Maji ya kuoga? Sasa hivi. Kamba? Sasa hivi. Mtu amefiwa na mama yake, amekuja kuomba ruhusa akazike? "Kazi! Sasa hivi!"

Tukutuku, ndivyo pikipiki ilivyoitwa enzi hizo kwa ule mlio wake, ilihitaji kuuguzwa kama mzee mkorofi. Injini ililizungusha gurudumu la nyuma kwa mkanda wa ngozi. Jua likiwaka, mkanda ulikakamaa na kupasuka. Mvua ikinyesha, uliteleza kama mlenda. Pazi alichemsha mbegu za mbarika, akayachuja mafuta kwa kitambaa, mengine akayatia kwenye injini, mengine akaupaka mkanda. Alisugua plagi kwa mchanga laini wa mtoni, alichomoa miiba kwenye tairi, alichonga kibao cha breki kila cha zamani kilipolika. Bwana Sasahivi kazi yake ilikuwa kukalia.

Pazi alikuwa amemwoa Hidaya, binti wa Bi Mwaisha, na kama wanaume wengi wa kule alihamia ukweni. Hapa lazima nieleze jambo, maana ndilo lililoleta msiba wote. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Shamba ni la bibi, kisha la binti zake, kisha la binti za binti. Mwanamume akioa hulima kwa wakwe na hula kwa wakwe, lakini hata akilima mpaka mgongo upinde, shamba si lake. Ni mume tu. Shamba la Bi Mwaisha lilikuwa juu kidogo ya mto, lina migomba, magimbi, maharage na mfereji wa maji uliochimbwa na mabibi waliozikwa pembeni yake. Nyumba zote za ukoo ule zilikula pale. Hawakuwa na pengine.

Basi. Mwaka uliotangulia vita kubwa, Pazi aliitwa barazani kwa Bwana Sasahivi. Karani Petro, kijana wa Kiluguru aliyesomeshwa na mapadri, alikuwa amesimama na karatasi. Bwana akabwata kwa Kidachi mpaka shingo ikawa nyekundu. Petro akafupisha.

"Bwana anasema tukutuku haina bima."

"Bima ndiyo nini? Inafungwa upande wa injini au upande wa gurudumu?"

"Si kifaa, we mtu. Ni mapatano. Kitu cha tajiri kikiharibika, analia mwingine."

"Ah, hiyo mbona tunayo siku zote!"

Petro akajikohoza. "Kampuni ya kwao Ulaya imekataa kuikatia. Wamesema milima, mvua na fundi mweusi, vyote hivyo kwa mpigo hawaviwezi."

"Waanze na kimoja kimoja."

"Pazi, nyamaza, anatutazama. Sasa bwana anasema, kampuni ikikataa, bima utakuwa wewe. Tukutuku ikivunjika, kosa liwe lako au la mvua, kinachukuliwa kitu chako. Una nini?"

"Nina kikohozi."

"Shamba, ndugu yangu. Anasema amekuona unalima pale juu ya mto, penye migomba."

Hapo ndipo Pazi alipojiona mjanja. Mbele yake kuna mzungu anataka kuwekewa rehani shamba, naye Pazi hana shamba! Alikuwa kama mtu anayeombwa ng'ombe wa jirani na mwizi asiyejua zizi ni la nani. Angekataa, angetafutiwa kosa jingine. Akikubali, anatoa hewa. Milima mizima inajua kwamba mume ukweni hana udongo hata wa kuziba tundu la panya.

"Shamba lile lile," akasema. "Andika."

Petro alimtazama, maana naye alikuwa amezaliwa katika udongo wa namna hiyo. "Pazi..."

"Andika bwana! Andika na mwezi, nao huwa naupalilia."

Akachovya dole gumba kwenye wino, akalibandika.

Jioni alimsimulia Hidaya huku akijishika mbavu. Hidaya alikuwa anapepeta mahindi. Hakucheka.

"Na hiyo karatasi," akauliza, "inajua kwamba shamba ni la mama?"

"Karatasi haijui kitu. Ndiyo utamu wenyewe."

"Sasa kama haijui, itamsikiliza nani?"

Mtu mwenye mdomo kama wa Pazi akibanwa hucheka tena. Akacheka.

Masika yalipofika, Bwana Sasahivi alikuwa machimboni juu alipopata habari kwamba mnunuzi wa ulanga ameshuka stesheni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Pazi alimwambia, kwa maneno na kwa vidole, kwamba mkanda umelowa na kibao cha breki kimelowa, asubiri vikauke karibu na moto. Mnajua alichojibiwa. Bwana akapanda, akasukumwa, akaondoka huku ukungu ukimmeza.

Kwenye kona ya tatu tukutuku iliendelea mbele na njia ikakata kulia. Chombo kikatumbukia korongoni. Bwana mwenyewe alinaswa na vichaka akateguka mkono tu. Mungu ana subira ya ajabu, sisi wengine hatuna.

Mkono ukiwa bado kwenye kitambaa, Bwana Sasahivi alipanda hadi kwa Bi Mwaisha akiwa na Akida Rehani, mtu wa pwani aliyewekwa na serikali kutuamulia mambo asiyoyajua. Nyuma yao walikuja Petro na askari wawili wenye vigingi. Wanawake walikuwa wanapalilia. Askari akakita kigingi cha kwanza katikati ya magimbi. Bi Mwaisha akanyooka, jembe mkononi.

"Akida, hicho kigingi ni cha mbuzi gani?"

"Ni cha mpaka, mama. Shamba la Pazi limechukuliwa na bwana."

"Shamba la nani?"

"La Pazi. Mkweo."

"Pazi ana shamba?" Akawageukia wenzake. "Jamani, Pazi ana shamba! Na hamkuniambia?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Akida Rehani hakupenda. "Mama, Mdachi anamjua mume. Mume yuko humu, anakula humu, analala humu. Basi ni kwake."

"Hata kunguni analala kitandani kwangu. Kitanda ni chake?"

"Ametia dole."

Kicheko kikakatika. Bi Mwaisha akamtafuta Pazi kwa macho, halafu akakumbuka adabu, akatazama pembeni. Mama mkwe na mkwe hawasemezani uso kwa uso kule kwetu. Neno hupitia kwa binti. Akasema, "Hidaya, mwulize mumeo kama ni kweli."

Hidaya hakuuliza. "Ni kweli, mama."

Pazi alimwendea Petro, akazungumza haraka haraka. Petro akamgeuzia Bwana maneno. Jibu likaja: mpima ardhi atapanda huku baada ya masika. Tukutuku ikitembea kabla hajafika, vigingi vitang'olewa. Isipotembea, wanawake wavune walichonacho waende.

Waende wapi? Hilo halikutafsiriwa.

Wavuta kamba waliitoa tukutuku korongoni vipande vipande, wengine wakiwa waume wa binti za ukoo ule ule, wakimtukana Pazi kila hatua, naye hakurudisha hata tusi moja. Uma wa mbele ulikuwa umepinda kama mguu wa panzi. Alimpelekea Lukasi, mhunzi wa majembe, wakaulaza kwenye makaa, wakaunyoosha, ukapinda kwingine, wakaunyoosha tena. Gurudumu lilikuwa limekuwa yai. Alilirudisha duara kwa kukaza na kulegeza spoki zake, akizungusha na kutazama, akizungusha na kutazama. Mkanda ulikuwa umekatika. Alikata ngozi ya fahali, akaitengeneza, akaishona kwa uzi uliotiwa nta, akaitundika na jiwe chini ili ivutike yote kabla ya kufungwa. Chakula alipelekewa na Hidaya, na Hidaya hakukaa.

"Sema hata neno," Pazi alimwambia.

"Ulicheka peke yako, Pazi. Na kulia ulie peke yako."

Siku tukutuku ilipotembea, miteremko yote iliisikia. Pazi aliishusha mwenyewe hadi mlangoni kwa Bwana Sasahivi, na mpima ardhi alikuwa bado yuko Dakawa huko anapima mbuga. Bwana aliizunguka, akapiga teke la upole kwenye tairi, akatabasamu. Vigingi ving'olewe, akasema.

"Na karatasi?" Pazi akauliza. "Petro, mwulize na karatasi."

Petro aliuliza. Bwana akashangaa kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa kama jua litauzwa. Petro alijibu akitazama miguu yake.

"Karatasi inabaki. Anasema bima haifi kwa ajali moja. Maadamu tukutuku iko hai, shamba liko chini yake."

Mnaona? Kampuni za kwao, zenye majumba ya mawe na fedha za kumwaga, ziliutazama mlima wetu zikasema hapana, hatari hii ni kubwa mno kwetu. Hatari ile ile akabebeshwa bibi mwenye jembe, na mabibi waliokwisha kulala kando ya mfereji. Kila jiwe lililolegea njiani, kila wingu, kila glasi aliyokunywa Bwana stesheni, vyote vilikuwa juu ya migomba ya Bi Mwaisha. Na huyo aliyekuwa akikifanya kinga yake chakula cha watu hakuweza hata kusubiri mkanda ukauke!

Bi Mwaisha alishuka kwa Akida Rehani kutaka shauri. Akarudi na jibu, akakaa uani akiupa mgongo upande aliokuwapo Pazi.

"Hidaya, mwambie mumeo hivi. Akida anasema karatasi imeandikwa 'shamba la Pazi'. Haikuandikwa migomba, haikuandikwa mto. Pazi akiwa mume hapa, shamba ni hili. Pazi asipokuwa mume hapa, hana shamba, na karatasi inashika upepo."

Pazi alikuwa hatua chache tu. "Hidaya, mwambie mama kwamba tukutuku nitaitunza mimi. Haitavunjika."

"Mwambie hata mimi nilimtunza baba yako. Alikufa."

"Mwambie nitalala nayo."

"Mwambie mvua hailali!" Bi Mwaisha akapiga mkono chini. "Mwambie ana watoto katika shamba hili. Watoto ni wetu, watakaa, watakula. Lakini wale nini kama yeye anataka kubaki? Achague. Asinifanye mimi ndiye niliyemfukuza."

Hidaya aliyasikia yote, wala hakuyapeleka upande wowote, maana wote walikuwa wamesikia. Aliinuka akaingia ndani. Pazi alimfuata hadi mlangoni.

"Nawe unasemaje?"

"Ungeniuliza kabla ya dole."

"Nakuuliza sasa."

"Sasa nasema nakupenda na nataka shamba. Haya, niambie wewe mjanja, nifanyeje na vyote viwili?"

Shauri la Bi Mwaisha lilisikilizwa bomani, mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa Kidachi wa wilaya. Msidhani alikuwa mtu wa huruma. Alikuwa mtu wa karatasi, na zaidi ya hapo alimchukia Bwana Sasahivi kwa sababu zao za kizungu. Wazee wa kiume wa mteremko walikuja wote, mmoja mmoja wakaapa kwamba hakuna mume mwenye shamba ukweni. Bwana Sasahivi akabwata. Bwana Shauri akamuuliza Akida Rehani: huyu mtu ni mume wa mwanamke yule au si mume?

Akida akamgeukia Pazi.

"Hidaya binti Mwaisha," Pazi akasema, "nakupa talaka."

"Ngapi?" akauliza Akida.

"Moja."

Kila Mwislamu aliyekuwa mle alielewa ujanja wake. Talaka moja, mambo yapoe, mzungu asahau, amrejee mkewe kimya kimya. Lakini Akida Rehani alikuwa amesoma chuoni kwao kabla ya kuja kutusumbua.

"Talaka moja ni ya kutishia," akasema. "Akiwa edani bado una njia kwake. Bwana Shauri akiniuliza kesho kama njia ipo, nitasema ipo. Na vigingi vitarudi."

"Mbili."

"Pazi."

Alimtazama Hidaya. Hidaya alikuwa ameshika ncha ya kaniki yake mdomoni, anaing'ata.

"Tatu," Pazi akasema, na sauti yake, watu waliokuwapo walisema, ilitoka kama injini iliyokosa mafuta.

Bwana Shauri akaandika. Karatasi ya bima haishiki kitu. Halafu akauliza kwa utulivu: kwa hiyo wewe ulitia dole kwenye mali isiyo yako, ukamdanganya mzungu?

"Ndiyo, bwana mkubwa."

Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Vilipigwa pale pale uwanjani, kwa mjeledi wa ngozi ya kiboko, mbele ya bendera. Aliyewanyang'anya watu njia, mabega na usingizi alikaa kivulini akitazama. Aliyetoa hewa akalazwa chini. Hiyo ndiyo haki iliyovuka bahari ikiwa na mihuri, na wapo hadi leo wanaotuambia Mdachi alikuwa mkali lakini mwenye haki. Waje niwaonyeshe uwanja.

Alasiri ile ile, Petro alipanda hadi kwa mama mzazi wa Pazi, alikokuwa amelazwa.

"Bwana anakuita ukatie mafuta," akasema, aibu imemjaa. "Anasema hayo ya leo yamekwisha, hana kinyongo."

"Hana kinyongo!" Pazi alikuwa amelala kifudifudi, majani ya dawa mgongoni. "Petro ndugu yangu, mwambie fundi wake ana matako mabovu. Akitaka, alete tukutuku hapa niitemee mate. Ndiyo mafuta niliyobakiwa nayo."

Bwana Sasahivi alitafuta fundi mwingine na bima nyingine. Alimuuliza mvuta kamba wa kwanza ana shamba wapi. Akajibiwa, mimi mume tu. Wa pili, mume tu. Mteremko mzima ukawa hauna mwanamume mwenye hata kijaruba, na safari hii hakuna aliyecheka. Tukutuku ilikaa chini ya makuti pale nyumbani kwake, mkanda ukakakamaa, panya wakauanza.

Pazi alipona, akalima kwa mama yake, upande wa pili wa mto. Hidaya alimaliza eda, na wachumba walikuja, akawarudisha. Shamba halikuguswa. Watu wa ukoo ule walikula pale mwaka ule, na miaka ya vita pia, wakati askari wa pande zote walipopita wakibeba kila chenye shina.

Hidaya alilima matuta yake. Akimaliza, alihamia upande wa juu, kwenye mawe, sehemu aliyokuwa akilima Pazi, akailima nayo peke yake.